VIDONGE VINAVYOMEZA HEWA — Sehemu ya Saba: Udongo kwa Udongo

Maji yaligeuka maziwa.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji wangu. Modesta amepiga magoti mbele ya chupa ya maji ya chokaa, mpira wa gesi umezama ndani, na wafugaji wa Ringwani wamemzunguka kama wanaotazama ng'ombe aliyeanguka. Povu la kwanza likapanda. La pili. La tano. Maji yakaingia ukungu, kisha yakawa meupe pepepe.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasema maneno machache tu. Mtambo wa ushirika unachachusha samadi na kutoa gesi. Gesi hiyo haitoki safi. Karibu nusu yake ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, ambayo haiwaki hata ukiibembeleza. Ndipo Modesta akabuni vidonge vyake: udongo wa mfinyanzi, mkaa wa magunzi ya mahindi, na dawa moja inayonuka kama dagaa, vyote vikakandwa pamoja na kuviringwa mfano wa karanga. Gesi ikipita katikati yake, vidonge vinaimeza hewa ya ukaa na kuiachia inayowaka. Shahidi ni maji ya chokaa. Yakibaki maangavu, vidonge vimefanya kazi. Yakiwa meupe, havikumeza kitu.

"Haya!" Erasto, katibu wa ushirika, alipiga kofi moja. "Si niliwaambia? Dawa imekufa."

"Haijakufa," alisema Modesta. "Wiki iliyopita maji yalikuwa maangavu. Chupa uliishika wewe mwenyewe."

"Wiki iliyopita imepita. Keshokutwa shule ya bweni inataka mitungi ishirini. Tukawajazie nini, fundi? Pumzi zako?"

Watu wakacheka. Modesta hakucheka.

Mzee Marwa, mwenyekiti, aliinua fimbo yake taratibu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Erasto, mura, punguza moto. Huyu ni binti yetu. Kama viroba vyote vinane ni udongo mtupu, basi yupo aliyevibadilisha. Tumtafute huyo."

Neno hilo la kubadilisha likaingia masikioni mwa watu kama mbigiri kwenye soksi.

"Avibadilishe nani?" Erasto akadakia. "Stoo ina kufuli. Vidonge vinatoka humo mara moja tu kwa wiki. Na vinakwenda kulala kwa nani?"

Kila mtu alijua vinakwenda kulala kwa nani.

Vidonge vikishiba havimezi tena mpaka vikaangwe kwa moto mdogo ili viiteme hewa viliyoimeza. Na mwenye akili hawashi moto karibu na mtambo wa gesi. Kwa hiyo kila Alhamisi Modesta alivichukua viroba vinane, vidogo vya kilo kumi kumi, akavikaangia kwake, akaviacha vipoe usiku kucha uani, na Ijumaa akavirudisha.

"Mwezi uliopita alikuja mgeni mwenye gari la namba za Kenya," mtu mmoja akasema nyuma. "Alitaka vidonge. Modesta akakataa mbele yetu. Pembeni alikubali nini?"

"Ritongo!" akapaza mwingine. "Ritongo likae!"

Ritongo, baraza la kimila, halikufungi jela wala halikutozi faini. Linakutenga. Ukishatengwa, hakuna jirani atakayekupa kaa la moto. Ng'ombe wako hawatachungwa na wa wenzako. Ukifiwa, utachimba kaburi peke yako.

Mzee Marwa alishusha pumzi. "Nimejaribu kukutetea, binti yangu. Kesho saa nne asubuhi. Utuletee mwizi, au ujibu wewe."

* * *

Watu walipotawanyika, Modesta alifungua mnara wa chuma unaojazwa vidonge ili gesi ipite humo, akachota vidonge vichache kutoka chini na kuvitumbukiza kwenye bakuli la maji.

Vidonge vyake vikikaa majini hata wiki nzima, vitabaki vigumu kama kokoto.

Alihesabu mpaka kumi. Vilikwisha kuyeyuka na kuwa uji.

Akachukua kingine, akakinusa. Hakikunuka dagaa, kilinuka moshi. Akakigusisha ulimini. Mate yakamjaa mdomoni. Ilikuwa ladha ya ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza.

Udongo wa kula!

Ule wanaoutafuna wajawazito, uliopondwa, ukaviringwa na kukaushwa kwa moshi. Kwa sura ulifanana na vidonge vyake kama pacha. Na kama huu uko ndani ya mnara, vya kwake viko wapi? Viko mdomoni mwa nani?

Kwanza alimwaza Erasto. Modesta ni Msabato, hashiki kazi Jumamosi, na kila Jumamosi ni Erasto anayesimamia kujaza mnara. Tena Erasto alionekana akinywa soda na yule mgeni. Mtu anayekupigia kelele sana za mwizi, mtazame mikono.

Lakini Erasto alivikuta viroba vimeshafungwa, akavifungua mbele ya watu. Wizi ulifanyika kabla ya stoo. Ulifanyika uani kwake.

Akamwaza mtu mwingine, na moyo ukakataa. Akaulazimisha. Akatoa simu.

"Magige."

"Mke wangu. Mang'ana, habari za huko?"

"Alhamisi ulikwenda wapi na pikipiki?"

"Alhamisi? Sikwenda popote. Nilikuwa shambani nakata nyasi za ndama."

"Na ile sabuni uliyoniletea?"

"Sabuni ipi?"

"Ile yenye karatasi ya kijani. Inauzwa Isebania tu, Magige. Siku hizi shambani kwetu kumefunguliwa duka la Wakenya?"

Simu ikakatika.

Miaka tisa ya ndoa, na mumewe hajawahi kumkatia simu. Modesta alijaza chupa maji ya kunywa, akaitia kwenye mkoba, akasimama barabarani kusubiri gari la Tarime.

* * *

Alifika Sirari, mpakani, ng'ambo tu ya Isebania, saa tisa alasiri.

Hakuuliza mtu yeyote. Ukiuliza habari ya mali iliyoibwa mpakani, kabla hujamaliza sentensi mali imeshavuka. Alipita kwa kina mama wauza udongo kama mjamzito mwenye hamu, akaonjeshwa punje kwenye kila meza, akageuka pembeni na kuitia kwenye chupa yake.

Meza ya kwanza, ikayeyuka. Ya pili, ikayeyuka. Ya tatu na ya nne, hivyo hivyo. Maji ya chupa yakawa rangi ya mto Mara wakati wa masika, akayamwaga na kujaza mengine bombani.

Meza ya tano ilikuwa ya msichana mwenye mimba kubwa, aliyejifunga leso mdomoni.

"Karibu madam. Odowa iko, udongo wa grade ya juu kabisa."

Modesta alitia punje majini. Akahesabu mpaka kumi. Akahesabu mpaka thelathini.

Punje ilikaa chini ya chupa, nzima, ngumu, ikimtazama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Aa, siri ya biashara hiyo."

"Toa leso."

"Ati?"

"Dada, nimekuomba. Toa leso nikuone mdomo."

Msichana alisita, kisha akaishusha. Midomo ilikuwa imevimba, pembeni imechubuka na kuwa myekundu.

"Ni hii baridi tu," alisema, macho chini.

"Si baridi. Unaitwa nani?"

"Lilian."

"Lilian, huu si udongo wa kula. Una dawa ya kiwandani ndani yake. Hukusikia harufu ya dagaa?"

"Nilisikia, lakini si dagaa wa ziwani wanauzwa humu humu sokoni? Kila kitu kinanuka dagaa. Aki ya nani, madam, nimekula kidogo tu! Mtoto wangu!" Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Sukutua kwa maji mengi, sasa hivi. Kisha chukua hizi punje tatu, nenda kituo cha afya, mwonyeshe daktari, mwambie zina dawa ya kusafishia gesi. Usimfiche kitu. Umewauzia wangapi?"

"Wachache. Wawili, watatu, nawajua, ni wa hapa hapa stendi. Wengine walirudisha, walisema inakwaruza."

"Waite wote muende pamoja. Vilivyobaki viko wapi?"

Lilian alivuta turubai chini ya meza. Magunia madogo matano, hayana maandishi, karibu yote yamejaa.

Modesta aliinama kuyafungua.

Yalikuwa yamefungwa kwa fundo la ndama.

Msomaji wangu, fundo hilo si la kila mtu. Kamba inazungushwa mara mbili, inapitishwa chini, inarudi juu ya kidole gumba. Ndama anaweza kuvuta mpaka asubuhi na halikazi shingo wala halifunguki. Modesta mwenyewe alilifunga kila Alhamisi kwenye viroba vyake. Na alifundishwa na mtu mmoja tu, wiki ya kwanza alipoingia katika boma la kina Magige akiwa bibi harusi.

"Anayekuletea," aliuliza polepole, "ni mwanamume mwenye pikipiki nyekundu?"

"Huyo ni dereva tu. Mwenye mali ni mama mzee, mpole, ananiuzia miaka mingi. Mama Robi."

Robi. Mama mkwe wake.

"Modesta!"

Aligeuka. Magige alikuwa amesimama nyuma yake, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Umefuata nini huku?" akauliza Modesta. "Umekuja kukata nyasi?"

"Nilijua utakuja. Nisikilize. Mama ndiye anayeleta udongo hapa. Kaka zangu walimkataza biashara ya sokoni, wanasema inawaaibisha, mama wa watu wazima kuuza udongo. Akalia. Nikamwambia nitakubebea kimya kimya, Alhamisi kwa Alhamisi. Ndiyo siri yangu yote."

"Alhamisi hii umebeba vidonge vyangu."

"Nilibeba magunia ya mama! Ningejuaje kilichomo? Kwetu mtoto anafungua mzigo wa mama yake?"

Modesta aliutazama mdomo wa Lilian, kisha akamtazama mumewe. Alimwamini. Na alijichukia kwa kuwa alimwamini robo tatu tu.

"Kesho ritongo linaniuliza," alisema. "Niseme nini?"

Magige aligeuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili.

"Utamtaja mama yangu mbele ya wanaume wote wale?"

Hilo ndilo lililokuwa kaa la moto kwenye kiganja chake. Kwa Wakurya, mkamwana hali chakula huku anamkodolea macho mama mkwe wake, seuze kusimama barazani na kumwita mwizi. Akimtaja, atakuwa ameokoa jina lake kwa wageni na kulizika ndani ya boma lake. Asipomtaja, atatengwa.

Tena lilikuwapo jambo jingine. Alihesabu magunia upya. Matano. Viroba vilivyobadilishwa vilikuwa vinane.

"Lilian, alileta mangapi?"

"Hayo tu, madam. Matano."

Matatu yalikuwa wapi?

* * *

Saa nne kamili asubuhi wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, nyuma ya ghala la ushirika, kando ya miti ya mikaratusi. Mzee Marwa alikaa katikati. Modesta alisimama mbele yao na magunia matano miguuni pake.

"Binti yangu," alisema Mzee Marwa, "umetuletea mwizi?"

"Nimewaletea vidonge, tata. Nimevikuta Sirari."

Ungetazamia wafurahi. Badala yake Erasto akainuka kama aliyechomwa na siafu.

"Sirari! Kumbe vilipo unapajua! Jana mchana hujui kitu, jana jioni umevifuata moja kwa moja mpaka mezani. Hata mbwa wa polisi hana pua hiyo. Nani alivipeleka?"

Modesta aliyatazama yale mafundo miguuni pake.

"Nakuuliza, nani alivipeleka?"

"Sitasema."

"Hatasema! Mmesikia wazee? Hatasema!"

Nyuma ya watu, Magige alipita akisukuma mabega ya wenzake mpaka akafika mbele.

"Nilivibeba mimi," alisema. "Kwa pikipiki yangu. Mke wangu hakujua."

Kelele zikalipuka. Wengine walisema ndiyo hao, mke na mume. Wengine walisema wameuza siri ya kijiji kwa mgeni. Mzee Marwa aligonga fimbo chini mara mbili.

"Basi, basi. Yanatosha. Mume amekiri, mke amekataa kusema. Ritongo limesikia. Tusiongeze maneno kwenye aibu ya watu. Kuanzia leo boma la Magige..."

Alikuwa na haraka.

Modesta aliinua uso. Mzee Marwa hakuwahi kuwa na haraka maisha yake yote. Kesi ya mbuzi mmoja alikuwa anaikalia siku tatu. Kwa nini leo?

Hapo ndipo maneno ya jana yalipomrudia. Kama viroba vyote vinane ni udongo mtupu. Wakati mzee anayasema hayo, hakuna aliyekuwa amefungua mnara. Hakuna aliyekuwa ametia kidonge majini. Erasto na watu wote walidhani dawa imekufa. Nani alimwambia Mzee Marwa kwamba ni udongo?

"...boma la Magige halitaombwa moto wala..."

"Mnamhukumu nani kabla ya kuniita mimi?"

Sauti ilikuwa ya kike, nyembamba, ya uzee. Wanaume waligeuka. Robi alikuwa anakuja kati yao, miguu mitupu, kikapu kichwani, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Mama, rudi nyumbani," Magige alinong'ona.

"Nyamaza. Jana uliniambia msichana wa watu amevimba mdomo. Nimekesha usiku kucha na mdomo wake machoni pangu. Unadhani nitakaa jikoni nimenye ndizi?" Alishusha kikapu. "Wazee, mimi ndiye niliyechukua. Na sikuiba. Nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini, mama?" aliuliza Erasto, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu.

"Udongo kwa udongo. Mkamwana wangu aliacha wake uani upoe. Niliutazama, mzuri, mviringo, umekauka sawasawa. Wangu haujawahi kutoka hivyo. Nikasema, huyu udongo wake anauweka kwenye bomba, na bomba halina ulimi. Mimi nina wateja wenye ulimi. Nikamwaga wake, nikajaza wangu kwenye viroba vyake, kilo kwa kilo, sikumpunja hata punje, nikafunga fundo lile lile. Mwizi anaacha kitu?"

Kicheko kilianza nyuma, kikafia njiani, maana mama alikuwa analia.

Modesta alitaka kumkimbilia. Mila ikamshika miguu.

Erasto alikuwa amekunja uso. Na hapa, msomaji, lazima nimwombe radhi Erasto kwa wiki saba nilizokufanya umdhanie vibaya. Mtu huyu ana mdomo mchafu, lakini hesabu zake ni safi.

"Mama Robi," alisema, "vile viroba vina maandishi. Kila kimoja, rangi nyekundu, herufi kubwa kama kiganja: SI CHAKULA. Hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Sasa?"

"Mwanangu, kuona si kusoma. Kilipokuja kisomo cha watu wazima nilikaa darasani siku mbili. Siku ya tatu ng'ombe waliingia shambani, nikawafuata, na sikurudi tena mpaka leo." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini mimi si mjinga wa kubeba kitu chenye maneno bila kuyajua maneno. Nilitafuta msomaji."

Mikaratusi ilikuwa imetulia tuli.

"Alikuwa anapita njiani, Alhamisi jioni, akaingia kutusalimia. Nikamwomba anisomee. Akavaa miwani, akapitisha kidole herufi kwa herufi, akaniambia, shemeji, imeandikwa UDONGO SAFI. Akaniambia, badilisha vyote vinane, hakuna ubaya, binti mwenyewe atafurahi. Nikamwamini. Alitahiriwa mwaka mmoja na marehemu mume wangu. Nisipomwamini yeye nimwamini nani?"

"Jina lake, mama," alisema Erasto.

"Rika la mume wangu silitaji jina barazani." Robi aliinua kidevu kuelekea vile viti. "Muulizeni mwenye miwani."

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja.

Mzee Marwa alikuwa anavua miwani yake, taratibu, akikunja ule uzi kidoleni.

"Huyu mama amezeeka," alisema kwa upole. "Uzee unachanganya siku na watu. Tumsamehe."

"Vilikuwa viroba vinane," Modesta alisema. Hakujua kama sauti yake inasikika, lakini ilisikika. "Sirari nimekuta magunia matano. Mama, nisamehe kwa kukuuliza mbele ya watu. Matatu uliyapeleka wapi?"

Robi alishangaa, kama anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mimi nilijaza magunia matano tu. Pikipiki haichukui zaidi. Hayo matatu si aliyachukua yeye? Alisema atanisaidia, atayapakia kwenye gari la mgeni wake."

"Mgeni yupi?" Erasto alifoka. "Mgeni yupi, mama?"

Robi hakupata nafasi ya kujibu. Nyuma ya mikaratusi, mahali ambapo hakuna aliyejua kuna gari, injini iliwashwa. Na kiti cha miguu mitatu, kile cha katikati, kilikuwa kimelala ubavu mavumbini, hakina mtu.